Sheria ya Makosa ya Kingono nchini Kenya: tatizo ni sheria au ni sisi?

Mkaazi wa Kisumu:
Hamjambo, wanajukwaa. Mwaka wa 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, kutokana na mswada wa Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge mteule. Adhabu zake ni kali, lakini mwanamke anapobakwa watu bado huanza kwa kuuliza alikuwa amevaa nini. Je, sheria imeshindwa, au ni sisi tuliobaki nyuma?

Wakili Mwandamizi:
Ndugu, mambo hayo mawili hayatenganiki, kwa kuwa mtazamo wa jamii uliingia katika sheria hiyo tangu ilipotungwa. Wabunge, ambao wengi wao walikuwa wanaume, walihofia kusingiziwa, na ndipo kikawekwa kifungu cha 38, kilichosema kwamba atakayetoa madai ya uongo ataadhibiwa sawasawa na mtenda kosa alilolidai. Hebu fikiria msichana aliyenajisiwa akikumbushwa hayo kituoni kabla hajaandikisha taarifa! Kifungu hicho kilifutwa mwaka wa 2012. Hata hivyo, kifungu cha 43 bado kinawaacha nje wanandoa halali, na mke anayelazimishwa na mumewe hubaki kutegemea Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Kwangu mimi, hilo ndilo doa kubwa lililosalia.

Mama wa Garissa:
Ahsante, wakili. Huku kwetu kinachotuumiza zaidi ni maslaha: wazee wanakaa, familia ya mkosaji inalipa mifugo au fedha, na msichana mwenyewe haulizwi neno. Je, familia ina haki ya kuiondoa kesi?

Wakili Mwandamizi:
Haina, mama. Kifungu cha 40 kiliuweka uamuzi wa kusimamisha kesi mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 mamlaka ya mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ugumu ni kwamba mashahidi wakishalipwa hawafiki mahakamani. Hapo ikumbukwe kuwa kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kutegemea ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi aandike sababu za kuuamini. Kwa hiyo, msichana mmoja akisimamiwa vyema na jamaa mmoja jasiri, kesi inaweza kusimama hata ukoo mzima ukinyamaza.