T790M ipo kwenye pafu, kwenye ini haipo: tulenge nini?

Swali
Wakuu, ni adenokasinoma ya pafu (saratani ya seli za tezi), jeni ya EGFR ina kipande kilichofutika kwenye eksoni (sehemu ya jeni) ya 19. Gefitinib, dawa ya kuzuia EGFR, ilifanya kazi, kisha uvimbe ukaanza kukua tena. Biopsi ya pafu, yenye seli za saratani takriban 40%, inaonyesha ufutikaji uleule kwenye 22% ya nakala za DNA zilizosomwa, na T790M, badiliko la EGFR linaloleta usugu kwa gefitinib, kwenye 3%. Ya ini ina ufutikaji peke yake. Hiyo 3% ni ya kulengwa au ni makosa ya kipimo?

Nakala_Mbili
Anza na hesabu. Kwa 40% ya seli za saratani, badiliko lililo kwenye nakala moja kati ya mbili katika kila seli husomeka karibu 20%. Kwa hiyo 22% ni shina, yaani badiliko lililo kwenye seli zote za saratani. 3% ni tawi, yaani badiliko la baadhi ya seli tu, kama seli moja kati ya saba. Nakala za EGFR zikiwa zimeongezeka, hesabu hii inayumba.

Kuhusu makosa: T790M ni herufi C ya DNA kugeuka T, na fomalini, ya kuhifadhia biopsi, hufanya hivyohivyo. Wengi hukimbilia kimeng'enya cha kuondoa urasili (ambayo C ya kawaida huwa ikiharibika, kisha husomeka kama T), lakini hapa hakitoshi. C hiyo inafuatwa na G, mahali ambapo mara nyingi C huwa na alama ya kikemia iitwayo methili, nayo ikiharibika huwa T moja kwa moja, si urasili. Toa DNA upya kwenye kipande kingine, na upime DNA ya uvimbe iliyo kwenye plazma ya damu, ambayo haijaguswa na fomalini.

Darubini
Hesabu sawa, ila mkuu, ini lina seli za saratani asilimia ngapi? Zikiwa 10%, tawi la ukubwa uleule lingesomeka 0.7% tu, na paneli nyingi (vipimo vya jeni nyingi kwa pamoja) haziwezi kuliona. "Haipo" na "haijaonekana" ni majibu mawili tofauti.

Tawi likiwa kweli halipo, ini lina njia yake ya usugu. Pima nakala za MET, jeni ambayo ikizidi huipa saratani njia ya kukwepa dawa, kwa FISH (kuhesabu nakala za jeni ndani ya seli kwa rangi zinazong'aa). Kisha rudisha slaidi kwenye darubini: adenokasinoma hugeuka kuwa ya seli ndogo, hasa jeni za kuzuia saratani TP53 na RB1 zikiwa zimepotea zote mbili. Hapo hutumika kemo: dawa ya platinamu pamoja na etoposide. Plazma haikuonyeshi umbo la seli.

Shina
T790M ikithibitika, osimertinib, dawa ya EGFR inayofanya kazi hata T790M ikiwepo, inapiga shina na tawi kwa pamoja. Hilo ndilo la maana, kwa sababu dawa inayopiga tawi tu huacha shina likichipua. TRACERx, utafiti wa saratani ya pafu wa Uingereza, 2017, ilisoma sehemu kadhaa za kila uvimbe kwa wagonjwa 100, na mabadiliko ya EGFR karibu yote yalikuwa ya shina. Lakini ini lenye MET nyingi halitaitikia osimertinib peke yake, kwa hiyo FISH isisubiri.

Damu ya plazma ikichukuliwa kwenye chupa ya EDTA (ya kuzuia damu kuganda), izungushwe ndani ya saa chache: 1,600 g (g ni nguvu ya mzunguko, si gramu) dakika 10, hamisha plazma bila kugusa tabaka la seli nyeupe, halafu 16,000 g dakika 10. Ikichelewa, seli nyeupe hupasuka na DNA yao huizamisha ile 3%.