Naomba ushauri: winga wangu hataki kurusha pointi tatu

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Nafundisha kikapu vijana wa mtaani hapa Area C, Dodoma. Nina winga wa miaka 19, akipokea mpira hatua mbili ndani ya mstari wa pointi tatu, hesabu pointi. Nje ya mstari hajaribu kabisa, eti yeye ni DeMar DeRozan, yule nyota wa NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) anayesifika kwa mitupo ya umbali wa kati.

Msaidizi wangu ananipigia hesabu: mitupo 10 ya pointi mbili, ikiingia 4 ni pointi 8, ya pointi tatu, ikiingia hiyohiyo 4 ni 12. Hapo sina ubishi. Lakini DeRozan msimu wa 2021/22 pale Chicago alifunga wastani wa karibu pointi 28 kwa mechi, karibu 7 kati ya hizo za mitupo huru maana mabeki walimchezea rafu. Ila Toronto walimtoa 2018 wakamchukua Kawhi Leonard, na 2019 wakabeba ubingwa. Kawhi naye anapenda kurusha palepale umbali wa kati, tofauti ni kwamba anakaba na mbali anarusha.

Halafu uwanja wetu uko wazi, na upepo wa Dodoma mnaujua. Mpira wa mbali unahama njiani.

Nimlazimishe abadilike, au nimwekee warushaji wawili pembeni apate nafasi? Mliowahi kufundisha, mlianza na mazoezi gani?