Futboli ya Marekani: mbinu ziko wapi?

Kijana wa Wete: Assalaam alaykum. Mchezo huu husimama kila baada ya sekunde chache. Wanaousifu kwa mbinu wanaona nini ambacho soka haina?

Mcheza Bao, Malindi: Waalaykum salaam. Yakhe, utamu uko kwenye kule kusimama. Timu ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10, kama mita 9. Kabla ya kila jaribio huchaguliwa mpango, na wote 11 wana kazi yao. Ni kama bao la kete: unahesabu kabla hujatia mkono shimoni.

Jaribio la nne ndilo zito. Ukithubutu ukakwama, mpinzani anachukua mpira palepale. Ndiyo maana wakiwa mbali huupiga teke umfikie kule nyuma kabisa; wakikaribia, hupiga kati ya nguzo kwa pointi 3.

Chake Chake: Usiukodolee macho mpira. Tazama mabeki wawili wa nyuma kabisa: wote wakikaa mbali, wanazuia pasi ndefu, lakini mbele watu hupungua na kukimbia na mpira kunakuwa rahisi. Beki akimvamia kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi kwa mkono, huacha uwazi mgongoni. Pasi fupi ya haraka hupita hapohapo. Kwotabeki akisoma vibaya, mpira unanaswa.

Kijana wa Wete: Ahsanteni sana. Nitaanza na hao wawili.