Naomba ushauri: besi na dramu zinaachana jukwaani

Habari zenu wapenzi wa jazi na fanki. Bendi yetu hapa Kisumu inapiga "Chameleon" ya Herbie Hancock (1973). Besi ya rekodi ni sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti), aina ya ARP Odyssey. Sisi tuna gitaa la besi la nyuzi 4, na mpigaji amekulia kwenye benga, mkono wake unasukuma mbele. Mazoezini tukiweka metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kwenye mapigo 92 kwa dakika tunatulia vizuri. Jukwaani anasogea mbele kucheza na watu, hasikii tena dramu ya mguu, na kufikia solo ya kinanda mwendo umepanda. Mashabiki wanapenda sana uchezaji wake, kwa hiyo kumfunga karibu na dramu sitaki. Spika ya kujisikilizia tumeiongezea dramu, ikaanza kuvuma kwa mlio wa kero.

Je, nipunguze masafa gani ya sauti (nzito, ya kati au nyembamba) kwenye spika hiyo? Na mpiga dramu akivaa metronomu sikioni, fanki haitakauka?