Rufiji, Aprili 2024: Sentinel-1 inatia mafuriko pasipo maji

Mpimaji_Pwani: Wakuu, nachora mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024. Nina picha mbili za setilaiti ya rada ya Sentinel-1 (VV, yaani mawimbi yanatumwa na kupokewa yakiwa wima), ya Februari na ya Aprili, na kizingiti kimoja cha -16 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayorudi): kila pikseli iliyo chini yake naihesabu maji. Tope lote la kando ya mikoko deltani linahesabika mafuriko, ilhali upande wa Muhoro vichaka vilivyosimama majini havionekani. Sentinel-2, inayopiga picha za kawaida za mwanga, ni mawingu matupu. Nirekebishe wapi?

Ramani_na_Mito: Anza na obiti, mkuu. Picha zote mbili ziwe za obiti moja (njia ileile ya setilaiti) na mwelekeo mmoja, la sivyo vivuli vya rada vitakuletea mabadiliko yasiyohusu maji. Mwaka ule Sentinel-1A ilikuwa peke yake, inarudi obiti ileile kila baada ya siku 12.

Kwenye SNAP (programu ya kuchakata picha za Sentinel): weka faili la obiti, ondoa kelele za joto za chombo, kalibresheni hadi sigma0 (kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayorudi), chujio la Lee la kupunguza chengachenga, masahihisho ya mwinuko kwa SRTM (ramani ya mwinuko wa ardhi) ya mita 30, ndipo ugeuze kuwa desibeli. Kisha Aprili utoe Februari. Hesabu pikseli iliyoshuka angalau 3 dB na pia iko chini ya -16. Kizingiti peke yake kitazoa mchanga mkavu na lami, kwa sababu navyo ni laini na havirudishi mawimbi.

Kaskazi: Delta ni suala la maji kupwa na kujaa. Tazama jedwali la bandari la maji kupwa na kujaa: kama Februari ulipata kupwa kwa bamvua na Aprili maji yamejaa, tope lile litafunikwa hata bila tone la mvua. Kusanya picha za Julai hadi Oktoba 2023, kwa kila pikseli chukua thamani iliyo kwenye asilimia 10 ya chini kati ya picha hizo, iwe ndiyo "kabla" badala ya Februari. Panapofunikwa na bahari kila mara patajitoa penyewe.

Vichaka ni kinyume: mawimbi hugonga maji, yakagonga shina, yakarudi na nguvu. Kwa hiyo huko tafuta VV iliyo*panda*. Ila mikoko mizito usiiahidi kitu. Mawimbi ya sm 5.6 huishia kwenye majani. Hapo panataka ALOS-2, setilaiti ya rada yenye mawimbi marefu zaidi.

Ramani_na_Mito: Nakubaliana na Kaskazi. Na eneo ulipime kwenye UTM 37 Kusini (mfumo wa ramani unaotumia mita), usipime kwa digrii. Pikseli 100 za mita 10 ni hekta moja. Futa vipande vya chini ya pikseli 8 na miteremko ya zaidi ya asilimia 5. Kwenye ramani andika tarehe na saa ya picha, wala usiandike "kilele": maji yanaweza kupanda na kushuka ndani ya zile siku 12.