Naombeni ushauri: kupanda Haleakalā kwa baiskeli, mimi mtu wa tambarare

Tandiko Bovu:
Wakuu, habari zenu. Mwezi wa tisa nitakuwa Maui, kule Hawaii, na mdomo wangu umeshaniponza: nimemuahidi mtu kwamba nitapanda Haleakalā kwa baiskeli. Unaanzia Paia, unasikia mawimbi, unamalizia mita 3,055. Ni kama kilomita 58, zote za kupanda. Ninapoishi ni bapa kabisa, mlima wangu mkubwa ni daraja. Kilomita 100 za tambarare naziweza. Baiskeli ya kukodi ina meno 34 mbele na 28 nyuma. Ninachoogopa ni ukali wa mlima. Gia hizo zitanifikisha? Na mazoezi nifanyie wapi?

Gia Nyepesi:
Mkuu, unachoogopa sicho. Wastani wa mwinuko ni asilimia 5 hivi, ukuta wa kukushusha kwenye baiskeli hakuna. Shida yake ni kwamba hauishi. Piga hesabu: mtu wa kawaida akijitahidi anapata mita 600 za kwenda juu kwa saa. Hapo una saa 5 za kukanyaga, na bado hatujataja hewa. Kule juu mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa pwani, kwa hiyo miguu inapungua nguvu pale pale unapoihitaji. Waombe wakufungie kaseti (seti ya gia za nyuma) ambayo gia yake kubwa ina meno 34. Ukiwa Paia utaiona ya wazee.

Tairi Bapa:
Mimi nilipanda na 28 na nikafika.

Gia Nyepesi:
Na kilo zako 56. Acha utani.

Bi Mteremko:
Nyie bishaneni meno, mimi kilichonishinda ni jezi. Niliondoka Paia alfajiri, jasho linatiririka, nikaona koti mzigo nikaliacha. Mji wa Makawao nikaupita, eneo liitwalo Kula nikalipita, nikakata kuingia barabara ya 378 nikijiona bingwa. Mbele nikaingia ndani ya wingu. Si mvua, ila kila kitu kinalowa, nyusi zinadondosha maji. Nikatokea juu ya wingu, jua kali, nikashangilia mapema. Kila mita 1,000 unazopanda zinakunyang'anya nyuzi 6 hivi za joto, na juu kuna upepo. Jina lenyewe maana yake nyumba ya jua. Jua nililikuta nyumbani, joto ndilo lilikuwa limesafiri.

Kwenye kituo cha wageni, karibu mita 2,970, nikasimama dakika tano kupiga picha. Hizo tano ndizo zilizonimaliza. Meno yakaanza kugongana, kilele nakiona pale pale, kibanda chake cha vioo kinang'aa, na sikukifikia. Kugeuza nishuke, vidole havisikii breki, nikawa nazibana kwa viganja. Nilishuka nyuma ya pikapu ya watu wema.

Kwa hiyo: fulana kavu ndani ya mfuko wa nailoni, koti la upepo, glavu za vidole virefu. Ukifika, badilisha fulana kwanza, picha baadaye.

Mzee wa Kona:
Bi Mteremko kamaliza la baridi, naongeza machache. Chakula nunua kabla ya kuingia 378, huko mbele usitegemee duka. Maji utayapata makao makuu ya hifadhi, mita 2,100 na kitu. Langoni hata wa baiskeli analipa. Kula kila nusu saa tangu mwanzo, maana kule juu hata ndizi haimezeki.

Wakati wa kushuka kuna vyuma vya kuzuia ng'ombe vilivyolazwa barabarani. Vuka umenyooka, usilaze baiskeli wala kubana breki juu yake, vikilowa ni sabuni. Angalia pia bata bukini wa kule, nēnē, wanavuka kwa miguu na hawana haraka.

Kuhusu mazoezi: sisi wa tambarare tunapumzika bila kujijua. Unaacha kukanyaga, baiskeli inaserereka yenyewe. Kule ukiacha, inasimama. Tafuta barabara yenye upepo wa mbele, kanyaga saa mbili au tatu bila kuachia hata mara moja. Utashangaa kiuno kinauma kabla ya mapaja.

Tandiko Bovu:
Asanteni sana. Nimefanya ya upepo leo, saa moja na dakika 40, kiuno kweli kimeongea. Wenye baiskeli wamekubali kufunga 34, ila wanasema mnyororo nao ubadilishwe, uliopo ni mfupi. Glavu ninazo za bustani, nene nzuri. Zitafaa?

Bi Mteremko:
Ziloweke, zivae, kisha jaribu kubana breki. Zikiteleza, zirudishe bustanini.