Nukta za kwantamu zisizo na kadimiamu: mwanga wa kijani umeshuka, je nishati imehama kweli?

Ruashi_Kemia (Lubumbashi): Jambo bakubwa. Nimechanganya nukta za kwantamu (fuwele ndogo mno, rangi ya mwanga wake hutegemea ukubwa) za fosfidi ya indiamu zenye ganda la salfidi ya zinki: za kijani (urefu wa wimbi nanomita 530, yaani 530 nm) zitoe nishati, nyekundu (620 nm) ziipokee. Kwenye filamu kijani kimeshuka nusu, lakini nyekundu haijapanda sana. Kosa liko wapi?

Mwanga243: Kushuka kwa kijani peke yake hakuthibitishi kitu, nyekundu zinaweza kuwa zinameza tu mwanga uliokwisha toka. Pima muda wa kufifia kwa mwanga wa kijani kwenye 530 nm: nishati ikihama, hufifia haraka zaidi. Ukitoka nanosekunde 40 hadi 22, ufanisi wa kuhamisha nishati ni 1 − 22/40, yaani 45%. Usipobadilika, ni kumezwa tu.

Fundi_Kenya: Naongeza: hiyo 40 ipimwe kwenye filamu ya kijani tupu, si kwenye chupa nukta zikiwa ndani ya kimiminika. Ndani ya filamu nukta ndogo huzilisha nishati zile kubwa za rangi ileile, muda unafupika hata bila nyekundu. Wengi hudanganyika hapo.

Halafu umbali. Kama umbali wa Förster (ule ambao nusu ya nishati huhama) ni nm 5, vitovu vya nukta mbili vikiachana nm 8 jozi moja inapata ufanisi wa 6% tu; nm 6, 25%. Kama nukta zako zimefunikwa na asidi ya oleiki, molekuli zake ni ndefu na huziweka nukta mbali; badilisha na asidi ya merkaptopropioniki, iliyo fupi. Ila hiyo huoksidika kwa hewa na mwanga, ikibanduka inaacha kasoro zinazozima kijani. Fanyia kwenye naitrojeni.

Ruashi_Kemia: Aksanti. Filamu ya kijani tupu sikutengeneza kabisa. Naanza nayo, umeme ukikubali.